Nilimwambia Daktari Situmii Dawa

Leo ni siku ya nne tangu nilipokifungia kabatini kile kikopo cha vidonge vya nywele, na kesho asubuhi, Mungu akipenda, nitatolewa damu kwa mara ya pili ili ijulikane tezi yangu ya shingo, ile ambayo madaktari huiita thiroidi, inafanya kazi kiasi gani. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita, na majibu yake yalimchanganya daktari, yakanichanganya na mimi, kwa kosa ambalo halikuwa la maabara wala la daktari. Lilikuwa langu.

Dalili zenyewe hazikuja kwa kishindo. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na Mombasa nzima ikitokwa jasho, mimi nilikuwa nikiomba feni ya chumba cha walimu izimwe. Wenzangu walicheka, kisha wakazoea, kisha mmoja wao akaniletea leso nijifunike magoti. Darasani wanafunzi wangu wa gredi ya tano walianza kuniuliza kama nina mafua, maana sauti ilikuwa imekwaruza na haikurudi hata baada ya wiki nzima ya tangawizi na asali. Pete ikanikaza kidoleni. Nywele nazo zikawa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu, na hizo ndizo zilizonishtua kuliko yote, kwa sababu mwanamke anaweza kuvumilia uchovu kwa miaka lakini hawezi kuvumilia kitana kilichojaa. Nikaenda kununua vidonge vya kukuza nywele. Sikujua kwamba dalili moja ilikuwa imenipeleka dukani kununua kitu ambacho kingezificha nyingine zote.

Kabla ya kufika kwa daktari huyu nilipita kwenye kliniki moja ndogo ya mtaani, nikapimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikapewa vidonge na kuambiwa nipumzike. Sisemi walikosea kupima. Homa ni jambo la kawaida hapa pwani. Ninachosema ni kwamba uchovu kwetu umepewa majina mawili tu, na ukishaondolewa yote mawili unabaki kuwa uvivu.

Daktari niliyemwona baadaye ni kijana, huenda hajafikisha miaka thelathini na mitano. Aliniuliza ninaumwa nini, nikamwambia mwili hauna nguvu. Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu kitambo. Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu," akasema, "kitambo ni lini? Kabla ya Idi au baada ya Idi?"

Niliona haya kidogo, kwa kuwa mimi ndiye ninayewakata maksi watoto wanaoandika insha zisizo na wakati wala mahali. Lakini nimelifikiria jambo hili siku nyingi tangu hapo, na nadhani chanzo chake ni jinsi tunavyosalimiana. Mtu akiulizwa habari hujibu salama, hata akiwa ametoka kuzika, halafu ndipo hutia neno "ila", na ukweli wote huja baada ya hilo "ila". Kwa jirani mwenye muda wa kukaa barazani utaratibu huo ni mzuri na ni wa heshima. Kwa daktari mwenye wagonjwa ishirini mlangoni, muda unaweza kwisha kabla "ila" haijafika.

Yeye hakuuacha uishe. Aliniuliza kama kuna kitu ambacho mwaka jana nilikuwa nikikifanya kwa wepesi na sasa kinanishinda, na jibu likanitoka kabla sijalitafuta: mlima wa feri. Ninakaa Likoni na ninafundisha upande wa kisiwani, hivyo kila asubuhi, feri ikishafunguliwa, huupanda ule mteremko pamoja na umati wote, na mwaka jana nilikuwa nikiupanda moja kwa moja huku nikizungumza. Sasa husimama mara mbili. Mara ya kwanza hujifanya ninatafuta kitu mkobani. Mara ya pili hununua karanga ambazo sizitaki. Daktari aliyaandika hayo yote, na za karanga pia.

Kisha akamwita muuguzi wa kike aje awepo, nikalegeza mtandio, naye akasimama nyuma yangu na kuweka vidole vyake pande mbili za koo, akanipa bilauri ya maji na kuniambia nipige funda nikae nalo mdomoni mpaka aniambie nimeze. Nilipomeza nilihisi kitu kikipanda na kushuka chini ya vidole vyake. Alinieleza kwamba tezi hiyo imeshikamana na koromeo, ndiyo maana hupanda mtu anapomeza, na uvimbe wake ukiwepo hupanda nao. Akahesabu mapigo ya moyo dakika nzima kwa saa yake: hamsini na sita. Akaniuliza kama katika familia yetu kuna mtu aliyepata rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo. Nikasema yupo, shangazi yangu, aliyepasuliwa shingo mimi nikiwa msichana mdogo. Mwisho akauliza ninatumia dawa gani.

Nikasema situmii dawa.

Sikudanganya. Katika lugha yetu dawa ni neno pana kuliko bahari: kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu na hata dawa ya kumtuliza mume. Lakini daktari akiliuliza, neno hilo hunywea ghafla likabaki na maana moja, yaani kile alichokupa daktari mwingine kwa ugonjwa wenye jina. Vidonge vya nywele kwangu vilikuwa urembo, jamaa moja na hina na mafuta ya nazi.

Damu ilichukuliwa siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, na majibu yalipotoka yalionyesha kinyume cha kila kitu nilichoeleza. Daktari alinifafanulia. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo inayotuma homoni iitwayo TSH ili kuiamrisha ile ya shingoni ifanye kazi. Tezi ya shingo ikizembea, TSH hupanda. Ikifanya kazi kupita kiasi, TSH hushuka. Nililielewa mara moja, kwa sababu ndiyo kazi yangu: darasa likilala mwalimu hupaza sauti, na likichangamka mno hunyamaza. Kwa mtu mzima maabara nyingi huhesabu TSH kuwa ya kawaida ikiwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Yangu ilikuwa chini kabisa, na homoni za tezi yenyewe zilikuwa juu. Kwa mujibu wa karatasi ile, nilipaswa kuwa ninakonda, ninatetemeka mikono na kulalamikia joto, nami nilikuwa nimekaa mbele yake nimejifunika leso.

Hapa ndipo nilipomheshimu yule kijana. Angeweza kuitibu karatasi. Badala yake aliisukuma kando na kuuliza tena, polepole, akitaja kimoja kimoja: vitamini za nywele na kucha, vidonge vya mifupa, vya kuongeza damu, miti shamba, unga wowote wa kuchanganya na maji. Alipofika kwenye nywele alikuwa ameshaujua uso wangu.

Jioni hiyo nilimpigia picha kibandiko cha kikopo nikamtumia. Bayotini, aina ya vitamini B, mikrogramu 10,000 kwa kidonge. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama 30 kwa siku. Alinieleza kuwa bayotini haidhuru tezi. Inachodhuru ni kipimo. Mashine nyingi za maabara huitumia bayotini kama ulimbo wa kunasia homoni zinazopimwa, na damu ikiwa imejaa bayotini ya vidonge, ulimbo unazibwa na hesabu zinapotoka: TSH inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na homoni za tezi zinaonekana nyingi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2017, kwa kuwa hata kipimo cha mshtuko wa moyo kinaweza kuharibiwa kwa njia hiyo hiyo. Akaniambia niviache angalau siku mbili kabla ya kurudia. Nimeacha nne, kwa woga wangu tu.

Jirani yangu mmoja, mwenye nia njema kama walivyo majirani wote wanaotoa ushauri, aliposikia habari za tezi aliniletea unga wa mwani kutoka Kibuyuni, kule Kwale ambako akina mama huulima baharini, akaniambia ninywe asubuhi na jioni kwa kuwa ugonjwa huu ni ukosefu wa madini ya joto. Nilimshukuru nikaupokea, maana kukataa kingekuwa kisa kingine, lakini niliuliza kabla ya kuugusa. Ni kweli kwamba ukosefu wa aidini, ndiyo hayo madini ya joto, huleta rovu. Lakini chumvi ya dukani hapa Kenya, ambayo nyingi huvunwa hapa hapa pwani upande wa Gongoni na Marereni, hutiwa aidini kwa mujibu wa sheria, na mahali ambapo watu wanapata aidini ya kutosha, chanzo kikuu cha tezi kuzembea ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe, ugonjwa aliouelezea daktari Mjapani aitwaye Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Aidini ikizidi, nayo huweza kuivuruga tezi kama hiyo. Unga wa mwani nimeuweka kabati moja na kikopo. Mihogo na kabichi, alizonikataza jirani huyo huyo, naendelea kula, kwa kuwa daktari alisema kwa kiasi cha kawaida na zikiwa zimepikwa hazina tatizo kwa mtu apataye aidini yake.

Shangazi naye amekuwa akinipigia simu kila jioni kutoka Kuze. Baada ya kupasuliwa aliandikiwa levothiroksini, kidonge cha kujaza homoni ya tezi, ya kila siku maishani, na kwa miaka kadhaa vipimo vyake havikutulia. Madaktari walimpandishia dozi mara kwa mara, naye akinywa bila kukosa. Mpaka alipotokea mmoja akamuuliza si anakunywa nini bali anakunywa vipi. Alikuwa akikimeza kidonge na chai ya maziwa, katikati ya mahamri na mbaazi, pamoja na kile cha kalisi cha mifupa. Maziwa, kahawa na hasa vidonge vya kalisi na madini ya chuma huizuia dawa hiyo isiingie mwilini. Sasa hukimeza kwa maji matupu baada ya sala ya alfajiri, husubiri saa nzima ndipo anywe chai, na kile cha mifupa hukiacha mpaka mchana, zaidi ya saa nne baadaye. Dozi yake ilibidi ishushwe. Kila ibadilishwapo husubiri wiki sita hadi nane ndipo apimwe upya, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na TSH haina haraka.

Siku ya kupimwa hakimezi kidonge kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa kipimo cha homoni kikichukuliwa saa chache baada ya kukimeza huonyesha zaidi ya hali yake ya kawaida. Hukifunga pindoni mwa leso kama wazee walivyokuwa wakifunga sarafu, hutolewa damu, kisha hufungua pindo palepale kwenye benchi la maabara na kukimeza.

"Mwanangu," aliniambia jana, "daktari si mpiga ramli. Mimi miaka ile yote nilidhani anaiona ile chai."

Kwa hivyo kesho nitafika saa mbili asubuhi, si alasiri kama mara ya kwanza, kwa sababu TSH huwa juu usiku na alfajiri na hushuka mchana, na daktari anataka vipimo vyote vijavyo vichukuliwe saa ileile ili viweze kulinganishwa. TSH yenyewe haidai mtu afunge kula, lakini ameongeza kipimo cha mafuta ya damu, ambayo hupanda tezi ikizembea, na akataka nisile tangu saa tatu usiku huu. Maji ninaruhusiwa, nami ninayanywa kwa wingi. Mara ya kwanza mshipa ulijificha mpaka mtaalamu wa maabara akanichoma mikono yote miwili. Nimetoa buibui lenye mikono mipana. Kikopo kiko mkobani, akione mwenyewe.

Lililobaki ni daftari. Nimelijaza tangu magharibi: feni mwezi wa Februari, sauti tangu wiki ya pili ya muhula, pete iliyovuliwa kwa sabuni, mlima wa feri na vituo vyake viwili, choo kigumu, na usahaulifu ulionifanya nimwite mwanafunzi mmoja kwa jina la dada yake asubuhi nzima. Mstari mmoja nimeukata mara mbili. Mara ya kwanza nilipoulizwa na daktari nilijibu kwamba "mambo ya kike yako sawa", kwa sababu ni mwanamume na kwa sababu muuguzi alikuwa ametoka nje wakati huo. Hayako sawa. Siku zangu zilikuwa nne, sasa ni nane, na usiku huamka kubadilisha. Nimeuandika tena mstari huo, pamoja na tarehe na idadi ya pedi za kila siku, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, na nimeuweka wa kwanza juu ya ukurasa, kabla ya feni, ili nikishikwa na haya nimpe daftari asome mwenyewe.