Jinsi nilivyoacha kulazimisha vina

Mashairi yangu ya tarbia, yaani ya mishororo minne kwa kila ubeti, yalikuwa yakikwama kwenye ubeti wa tatu, na sababu niliikuta kwenye hesabu. Shairi la mtiririko, ambalo vina (silabi za mwisho zinazofanana) havibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, likiwa na beti sita linataka maneno 18 ya kina cha kati na mengine 18 ya kina cha mwisho, bado kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti. Nilikuwa naanza na matano kichwani. Yakiisha, "hakika" na "jama" zinaingia kuziba pengo.

Siku hizi sigusi mshororo kabla ya kujaza karatasi mbili. Ya kwanza ina sentensi sita za nathari, yaani maneno ya kawaida yasiyo ya kishairi, moja kwa kila ubeti. Ya pili ni ghala la vina. Nikichagua -tu naandika: mtu, kitu, utu, msitu, kutu, butu, chatu, viatu... Yasipofika 18, kina hicho nakipeleka kwenye ukaraguni, ambako kila ubeti una vina vyake na maneno matatu yanatosha. Kina cha -ni hakiishi, ila nakiogopa: nyumbani, shambani, njiani, mpaka sikio linachoka. Karatasi ni mbili kwa sababu akili ikisaka maana na kina kwa pamoja, kinachotupwa ni maana.

Kisha mshororo naujenga kutoka mwisho. Naweka neno la kina, narudi nyuma:

Manyunyu yamemwagika, shambani hapana mtu,
Mbegu zimetawanyika, hazijaguswa na kitu

Ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, una mizani (silabi) nane; utao, kipande cha pili, nane. "Mtu" ni mizani mbili, maana m inasimama peke yake. Lakini "mbegu" ni mbili tu, m imeshikana na b. Hapa ndipo wengi wanapopotea, pamoja na "labda", ambayo ni tatu: la-b-da.

Mizani ikizidi, inkisari, yaani kufupisha neno, inaruhusiwa, lakini kwa tahadhari. "Takwenda" inaeleweka. "Mefika" je? Nimefika, umefika au amefika? Msomaji akilazimika kuuliza, silabi uliyookoa imekula maana.

Shairi nalilaza usiku mmoja, asubuhi naghani kwa sauti huku nikihesabu kwa vidole. Ulimi unapojikwaa natia alama, halafu naandika upya kipande kizima, ukwapi au utao. Kuchomeka neno moja hakusaidii: mizani inatimia, mapigo yanabaki yamevunjika palepale.