Kondomu naijua, shida ilikuwa namna ya kuitaja

Kuhusu kondomu sikuwa na la kufundishwa. Nilipopimwa na kukutwa na VVU, kilichonielemea ni watu. Rafiki zangu wa kijiweni waliona mwanaume anayevaa kondomu ni mwoga, na mwanamke anayeidai hamwamini mwanaume wake. Ukiitoa unaulizwa, "Kwani unaumwa?" Usipoitoa, dhamiri inakusuta.

Kliniki walinielekeza kwenye kikundi cha wanaume wanaoishi na VVU. Nilienda shingo upande. Nikakuta watu wazima wanaongea bila kuzunguka: nani kabadilishiwa dawa, nani kaachwa baada ya kusema ukweli, nani kaoa. Mmoja, rika la kaka yangu mkubwa, akaniuliza, "Mdogo wangu, ukimpata unayempenda utamwambiaje?" Nikakwama. Palepale akajifanya ndiye huyo mwanamke na kunibana: uliupata wapi, lini, kwa nini nikuamini? Wenzake walisikiliza kimya, kisha wakanirekebisha: "Usianze kwa kuomba radhi kama mshtakiwa. Anza na nia yako kwake." Hakuna mafunzo niliyowahi kupewa yaliyonifaa kama yale. Wanaume tunaelezwa sana kuhusu dawa, lakini maneno ya kusema tunaachiwa tujitafutie.

Kwa hiyo nilipompata mwenzangu nilimwambia mchana, tumekaa tu, kabla mambo hayajafika kitandani. "Nia yangu kwako ni ya kweli, ndiyo maana nataka uamue ukijua. Ninaishi na VVU na nameza dawa kila siku." Alinyamaza. Akaomba muda, nikampa bila kumsumbua kwa simu. Aliporudi alitaka twende kliniki pamoja.

Huko mshauri alimweleza kuhusu PARTNER, tafiti zilizotoa matokeo mwaka 2016 na 2019. Zilifuatilia wenza ambao mmoja ana VVU, anatumia ARV na virusi vyake vimefubazwa, nao walijamiiana bila kondomu. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Alielezwa pia kuhusu PrEP, dawa za kinga kwa asiye na maambukizi. Tukakubaliana kutumia kondomu kila mara mpaka kipimo cha wingi wa virusi kionyeshe havigunduliki. Kilipoonyesha, tukaamua kuendelea nazo: hatutaki mimba kwa sasa, na ARV hazizuii kisonono wala kaswende. Siku hizi yeye ndiye anayezinunua, na tarehe za vipimo vyangu anazijua kuliko mimi.

Kijiweni nilimwambia rafiki mmoja tu, yule asiyevujisha siri. Maneno ya kejeli yalipoanza tena, yeye ndiye aliyewakatiza: "Mtu na kinga yake, nyie inawauma nini?" Mazungumzo yakahamia kwingine. Wengine sijawaambia, wala sioni kama nina deni kwao.