Tochi ya simu haitoshi pangoni

Leo tumetoka Mapango ya Amboni, Tanga. Wageni wawili walikuja na tochi ya simu tu.

Simu inakula mkono mmoja, na kwenye mawe ya chokaa yanayoteleza unahitaji yote miwili.

Kila mtu abebe taa tatu: moja kwenye helmeti, mbili za akiba, na betri mpya ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Helmeti iwe na mkanda wa kidevuni. Isiyo na mkanda hudondoka ukiinama, na taa inaondoka nayo.

Buti zenye soli ya meno, glavu, pedi za magoti. Jinzi hapana: ikilowa inakuwa nzito na haikauki.

Zimeni taa zote humo ndani dakika moja. Hata kiganja chako mwenyewe hukioni!

Nyie mnatumia taa gani?