Nilivyozipima i7 ya laptopu na i5 ya mezani kabla ya kutoa hela

Kwa miaka mitatu nilihariri video za harusi kwa laptopu yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i7-7500U. Kila Jumatatu mama wa bibi harusi alipiga simu kuulizia video ya sendoff, nami nikamjibu, "Bado inarenda, mama." Ilikuwa inarenda kweli, yaani kompyuta ilikuwa ikitengeneza faili la mwisho la video. Feni inalia tangu asubuhi, na chini ya laptopu huwezi kuweka kiganja.

Nilipofika Kariakoo kutafuta kompyuta ya mezani, muuzaji alinionyesha Dell OptiPlex iliyotumika, ndani yake i5-6500. Nilipomwambia ninayotumia, alishangaa. "Dada, si una i7 tayari? Na yako ni ya kizazi cha saba, hii ya sita. Hapo unarudi nyuma." Alisema kwa nia njema, na mimi mwenyewe nusura nigeuke, maana i7 ile niliinunua kwa kujinyima na niliamini i7 ni i7.

Badala ya kubishana nilimwomba nirudi kesho yake nikiwa na flashi. Akakubali, na ninamshukuru hadi leo.

Usiku ule nilichagua kipande kimoja cha ukumbini, chenye taa nyingi na watu wanaocheza, kwa sababu picha zenye msukosuko ndizo zinazoipa prosesa kazi. Nikakibadilisha kwa programu ya bure ya HandBrake kwenda H.264, muundo wa kawaida wa faili la video, nikiwa nimechagua prosesa yenyewe ifanye kazi, si chipu ya picha. Chaja ilikuwa imechomekwa, kwa kuwa laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri. Programu nyingine zote nilizifunga.

Kisha nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyofanya kazi, upande wa Performance, nikakaa nikitazama. Hapo ndipo nilipoelewa shida yangu. Kasi ya prosesa, inayopimwa kwa gigahezi, ilianza juu ya 3, na kabla dakika haijaisha ikaanza kushuka. Nilirudia kesho yake mchana, joto la Dar likiwa limepamba moto, ikaanguka hadi kama 2.5 na kubaki hapo. Kubadilisha kipande kile kulichukua dakika 19.

Alasiri hiyo dukani, faili lilelile, mipangilio ileile: dakika 10. Kasi ya i5 ilisimama kwenye 3.3 mwanzo hadi mwisho. Nilihofia kwamba diski yake ya kizamani ingeharibu kipimo, lakini Task Manager ilionyesha diski imepumzika huku prosesa ikiwa asilimia 100. Kazi ile ilikuwa ya prosesa tupu.

Sababu zimeandikwa wazi kwenye tovuti ya Intel, ila sikuwahi kuzitafuta. i7-7500U ina viini viwili tu, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi, ingawa kila kimoja hupokea kazi mbili kwa pamoja. i5-6500 ina viini vinne kamili. Ya laptopu imeundwa kwa wati 15, ya mezani wati 65, na ndani ya kasha la mezani kuna bati kubwa la kupozea na feni yenye nafasi ya kuvuta hewa. Ile "saba" ya i7 niliyoilipia haikuwa ikiniambia lolote kuhusu hayo. Herufi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikisema: U ni ya kubana umeme. i7-7700HQ, ya laptopu pia na ya kizazi kilekile, ina viini vinne na wati 45. Na kuanzia 2017 Intel ilipotoa i5-8250U, hata laptopu nyembamba zikapata viini vinne, kwa hiyo sisemi kwamba laptopu zote ni dhaifu. Nazungumzia hii yangu.

Haki itendeke: kwa kazi fupi sikuona tofauti. Kuandika majina kwenye video, kufungua kurasa za intaneti, kukata kipande hiki na kile, zote mbili zilikuwa sawa, kwa sababu kazi ya namna hiyo hutegemea zaidi kiini kimoja, na hapo i7 hufika 3.5 na i5 hufika 3.6. Pengo linafunguka pale kazi inapodumu.

Nikanunua. Wiki ya kwanza umeme ulikatika nikiwa nimebakiza dakika chache, kazi ya saa mbili ikapotea, jambo ambalo laptopu na betri yake haikuwahi kunifanyia. Nikaongeza UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, na gharama hiyo ningeihesabu tangu mwanzo.

Sasa laptopu inakwenda ukumbini, nahamishia kadi za kamera humo na kuchagua vipande nikiwa njiani kurudi. Ya mezani inarenda usiku. Mdogo wangu naye anataka kuanza kazi hii, na juzi alinitumia picha ya kikompyuta kidogo cha mezani, bei nzuri kuliko niliyolipa, i5-6500T. Nilimpigia hapohapo. Ile T ni wati 35, na kasi yake ya msingi ni 2.5 badala ya 3.2. Nimemwambia asitoe hela bado; Jumamosi tunakwenda pamoja, na flashi yenye kile kipande cha ukumbini ninayo.