Mawe ya Mdachi

Aprili 2019 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili huko Wageningen, Uholanzi. Kwetu Lindi mwezi huo ni masika, njia zimejaa tope na mbu hawalali. Kule miti ndiyo kwanza ilikuwa inachipua, baridi haijaisha, na chuo kimefungwa siku chache. Tukapanga safari watatu: mimi, kaka mmoja wa Bukavu na dada mmoja wa Kisumu. Kibali cha kuishi Uholanzi kilitosha kutupitisha nchi zote za Schengen, kwa hiyo shida yetu ilikuwa pesa tu. Tukakubaliana kwenda kwa basi, kubeba mayai ya kuchemsha na mikate, kulala vyumba vya vitanda vinane, na kila mtu achague mji wake, wenzake wamfuate bila kunung'unika.

Kaka wa Bukavu alichagua Brussels, ila mjini kwenyewe hatukukaa. Alitupandisha tramu namba 44 hadi Tervuren, liliko jumba la makumbusho la Afrika, kisha akatupeleka uani kwa kanisa lenye makaburi saba ya Wakongomani. Mwaka 1897 watu 267 waliletwa kutoka Kongo ili wageni wa maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili waje kuwatazama. Saba hawakurudi. Alisoma majina yao kwa sauti, moja baada ya jingine, bila haraka, na tulipoondoka hakusema neno hadi kituo cha tramu.

Cologne tulipanda ngazi 533 za mnara wa kanisa kuu, tukashuka miguu ikitetemeka, tukalala. Halafu zamu yangu ikafika, Berlin.

Sababu yangu ilikuwa mjusi. Mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi Lindi anamjua mjusi wa Tendaguru, yule mnyama wa kale aliyechimbuliwa wilayani kwetu wakati wa Wajerumani, kati ya 1909 na 1913, akapelekwa kwao. Mwalimu wetu wa darasa la nne alituchorea ubaoni, shingo ikaishia pembeni kwa kukosa nafasi. Miaka yote hiyo nilimbeba kichwani akiwa na ukubwa wa ule ubao.

Jumba la makumbusho alimo liko mtaa wa Invalidenstraße. Unapita mlango, unakata tiketi, unapiga hatua chache tu, naye yuko mbele yako. Hakuna muda wa kujiandaa. Nilitazama magoti kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na macho yangu, kisha nikainua shingo, nikainua tena, mpaka nikarudi nyuma nikamgonga mtu. Mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Dada wa Kisumu alinishika mkono akasema, "Huyu ni wa kwenu?" Nikashindwa kujibu. Machozi yalikuwa yanatoka na sikujua yameanzia wapi.

Nilikaa kwenye benchi. Nilipotulia, nilichokiona ni rangi. Mifupa ile si myeupe, ni ya kahawia iliyokolea, na ukiikaribia unaona kabisa kwamba imekuwa jiwe. Jiwe. Hapo ndipo maneno ya babu yaliponirudia.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa na hadithi moja ya marehemu baba yake ambayo sisi wajukuu tulikuwa tumeichoka. Kwamba alipokuwa kijana alibeba "mawe ya Mdachi", yaani ya Mjerumani, kutoka porini hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne, ngata kichwani, mawe yamefungwa kwa mianzi kama vifaranga kwenye tenga. Ni miaka michache tu baada ya vita vya Majimaji, na Wamwera walikuwa na njaa ya kodi na njaa ya tumbo. Sikuwahi kuhusisha mawe hayo na mjusi wa mwalimu. Nilidhani ni mawe ya kujengea boma.

Nikatoka nje nikampigia shangazi, akampa babu simu. Kwetu ilikuwa alasiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Ulaya wamekulisha?"

Nikamweleza nilipo. Akanyamaza. Halafu akasema, "Nionyeshe miguu."

Nikarudi ndani nikapiga picha, nikamtumia shangazi, nikapiga tena. Niliwasikia wakibishana namna ya kuikuza picha. "Wa mbele," babu akasema. "Ule wa juu. Baba alisema lilikuwepo jiwe moja refu kuliko mtu, lilitoka vipande vipande, na kila kipande kilichagua watu wake." Nilikwenda kusoma. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa mnyama yule una urefu wa mita mbili na kidogo.

Wenzangu waliondoka usiku huo kwenda Prague. Mimi nikaiacha tiketi yangu ipotee, nikalala Berlin siku moja zaidi, na asubuhi mlango ulipofunguliwa nilikuwa pale. Usiku, hosteli, nilikuwa nimetafuta kwenye simu kila nilichoweza kukipata. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka Tendaguru kwa vichwa na mabega ya watu. Wajerumani waliosimamia kazi, Janensch na Hennig, wanajulikana. Mnyama mwenyewe alipewa jina la Branca, aliyekuwa mkuu wa jumba. Lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani, fundi wa kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja, na ilipita karibu karne nzima, hadi 2007, ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake. Mimi naona hilo halitoshi. Nilisimama chini ya ile miguu, nikafanya kama kaka wa Bukavu alivyofanya Tervuren, nikalitamka jina lake kwa sauti. Kisha nikalitamka la baba yake babu.

Jina la Boheti nililiandika nyuma ya ramani ya jiji, ili nimuulize babu kama baba yake aliwahi kulitaja. Basi lilinifikisha Prague jioni. Kabla sijapiga, nikakuta ujumbe wa shangazi: "Simu imeisha chaji toka adhuhuri, ndiyo kwanza naiwasha. Babu yako ameizungusha kila baraza, mtaa mzima umeona mguu. Usipige leo, amelala. Amesema kesho utume na mkia."