Ndege kuukuu ya injini mbili: anza na bati, injini baadaye

Wanunuzi wengi wakiingia hangani hukimbilia injini: zimetembea saa ngapi tangu zifunguliwe na kukarabatiwa upya? Swali halali, ila limeruka zamu. Injini hutolewa ikafungwa nyingine. Mhimili wa bawa ulioliwa na kutu ndio unaoigeuza ndege kuwa chuma chakavu.

Kwa hiyo vifunguliwe vifuniko vyote vya ukaguzi chini ya mbawa, sakafu ya ndani ing'olewe, tochi ipite kila kona. Kutu ya alumini si nyekundu. Ni unga mweupe, au rangi iliyotuna kandokando ya riveti. Mbaya zaidi ni pale bati linapoachana tabaka kwa tabaka kama kitabu kilicholowa. Hapo usijadili bei, ondoka. Riveti yenye mchirizi mweusi nyuma yake imelegea. Kwenye Cessna 310 za awali, ambazo ekzosi hutokea juu ya bawa, fuata njia ya moshi hadi mwisho, maana gesi ile hula bati.

Sasa injini. Tuseme daftari linaonyesha saa 600 tu, lakini ilifunguliwa miaka 22 iliyopita. Hizo ni kama saa 27 kwa mwaka. Muuzaji ataisifu kwa kutembea kidogo, na hapo ndipo penye tatizo. Kwenye injini nyingi za kampuni ya Lycoming, kemshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Injini ikilala wiki kadhaa oili hutiririka chini, kem inabaki kavu, unyevu unaishika. Kutu huacha vishimo, vishimo humenyeka, vipande huishia kwenye filta. Ikate filta ya oili, kunjua karatasi yake, ipitie kwa sumaku. Lycoming wenyewe hupendekeza ifunguliwe ikitimiza miaka 12, hata kama saa hazijaisha. Mimi ningechukua iliyotembea saa 1,500 ndani ya miaka 10.

Kipimo cha mgandamizo hufanywa kwa kusukuma ndani ya silinda hewa ya pauni 80 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa ya moto. Silinda za Lycoming zikipishana kwa pauni 10 hadi 15, tafuta sababu: sikiliza hewa inavujia wapi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni vali. Ikisikika kwenye mdomo wa oili, ni ringi. Kisha ingiza boroskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya silinda. Vali ya ekzosi yenye alama ya joto iliyoegemea upande mmoja imeanza kuungua.

Propela isisahaulike. Injini ikizima angani, springi na hewa au naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ya kichwa chake ndizo zinazogeuza mapanga yakae sambamba na upepo. Hewa ikipungua, mapanga huchelewa kugeuka, na propela inayozunguka bure huburuta ndege vibaya.

Matangi ya mpira hukakamaa yakiachwa bila mafuta, na makunyanzi yake huficha maji.

Magurudumu yakaguliwe ndege ikiwa kwenye jeki, yakunjwe na kuteremshwa mara kadhaa. Kwenye Twin Comanche, ndege ya kampuni ya Piper, ulizia kamba za mpira zinazosaidia kuyateremsha: hubadilishwa kila saa 500 au miaka 3. Aztec nyingi, nazo za Piper, zina pampu moja tu ya haidroliki, nayo iko injini ya kushoto. Ikizima hiyo, rubani anabaki na pampu ya mkono. Ijaribu pampu hiyo palepale kwenye jeki, uhesabu ni mivuto mingapi hadi taa zote za magurudumu ziwake.