Siku Moja Maishani Mwangu: Kubadili Majedwali ya Seva ya Barua Pepe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipanda teksi Kireka kuelekea Nakasero, katikati ya Kampala. Kazi ya leo ilikuwa kuingiza anwani za wafanyakazi wapya katika seva bila kukwamisha barua hata moja.

Saa mbili nilikagua foleni ya barua na nafasi iliyobaki kwenye diski. Postfix, programu ya seva ya barua pepe iliyoasisiwa na Wietse Venema, husoma majedwali, yaani orodha za anwani, yaliyojengwa kwa amri ya postmap. Ukilijenga upya jedwali la aina ya hash (faili iliyopangwa ili anwani ipatikane haraka) palepale linapotumika, la zamani hufutwa kwanza, na wanaolisoma hungoja hadi ujenzi uishe. Diski ikijaa katikati, unabaki na jedwali bovu.

Saa nne mkuu wa idara akaleta majina mengine mawili.

Saa tano umeme ulikatika. Sikugusa kitu mpaka uliporejea, ingawa jenereta ilikuwa ikinguruma.

Saa saba nililijenga jedwali jipya kando, kwa jina jingine, ndani ya saraka ileile. Kabla ya kulipatia jina la lile linalotumika, nilihesabu mistari, kisha nikaliuliza anwani kadhaa kwa postmap -q, amri ya kutafuta anwani katika jedwali, kwa kuwa mstari uliokosewa hutolewa onyo tu na kurukwa, na amri huendelea kana kwamba mambo ni shwari. Hapo ndipo penye hatari ninayoiogopa zaidi. Seva ikishindwa kulisoma jedwali hujibu kwa msimbo 451, yaani kosa la muda, na seva inayotuma hujaribu tena baadaye. Lakini anwani ikikosekana katika jedwali linalosomeka vizuri, jibu ni msimbo 550, yaani kukataliwa kabisa, na barua ya mtu hurudishwa moja kwa moja.

Nilipobadilisha jina, jambo lilikamilika mara moja: kwa kuwa mafaili yote mawili yako ndani ya saraka moja, anayesoma hukuta jedwali la zamani likiwa zima au jipya likiwa zima, kamwe si nusu. Sikuhitaji kuizima Postfix wala kuiamuru isome upya mipangilio yake, kwani michakato yake hutambua yenyewe kuwa jedwali limebadilika.

Saa nane kamili nilisoma kumbukumbu za seva, ambazo huandikwa kwa UTC (saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu) na hivyo zilionyesha 11:00. Hapakuwa na 451 wala 550 hata moja, na barua ya kwanza ya mhasibu mpya ilikuwa imekwisha kufika.